Swali la Pili, Alama Ishirini

*Jadili, kwa mifano, namna sauti inavyobadili maana ya picha.*

Mwalimu, mfano wangu ni mmoja tu
na uko Igogo, nyuma ya mashine ya kukoboa,
kibanda cha mabati cha Nkwabi Lusangija,
kiingilio shilingi hamsini, watoto wakae chini.

Masika yale mvua ilipita juu ya paa ikashukia ndani,
ikaulowesha mkanda wa mpanda farasi.
Picha ikapona. Sauti ikafa.
Midomo ikabaki inachezacheza
kama ya sato aliyetupwa kwenye meza ya Kirumba.
Nkwabi hakurudisha hela ya mtu
(hilo halijawahi kutokea),
alichukua redio ya mkewe,
akatumbukiza kaseti ya rumba isiyo na jalada,
akaniambia: Tabaro, kaa hapa. Ikilia *ka*, geuza.

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza katika tasnia ya habari.

Na nakuapia, farasi alipoanza kukimbia
gitaa la besi lilikuwa limeshamtangulia, linamngoja.
Ngumi ilitua juu ya ngoma.
Mwanamke alipofungua dirisha
gitaa la pili likachungulia naye,
ukumbi mzima ukaguna: Hawa walirekodi pamoja!
Hawakurekodi pamoja.
Mmoja alipiga nyuzi mji usioujua farasi,
mwingine alipanda farasi nchi isiyoijua rumba,
mshenga wao alikuwa mvua.

Jumamosi iliyofuata redio ilikuwa imeitafuna rumba,
tukaweka kwaya ya Wasabato wa ng'ambo, Sengerema.
Picha ile ile.
Lakini sasa yule muuaji alikuwa anakwenda kutubu.
Alifyatua risasi kwa majonzi.
Farasi walikimbia kama wanaowahi nyumbani
kabla jua la Ijumaa halijazama,
na wanaume waliopiga miluzi wiki iliyopita
wakavua kofia, mmoja mmoja, bila kuambiana.

Misoji muuza dagaa, aliyelipa mara zote mbili,
akasimama, mgongo wake ukaziba runinga:
"Mtu yule hajabadilika.
Ninyi ndio mmebadilishiwa masikio,
na aliyewabadilishia ni huyu mtoto, hata kamasi hajajua kufuta."
Wakageuka.
Ilikuwa mara ya kwanza watu kutazama upande wa redio.

Vitabu ulivyotusomesha vinasema chombo si gunia,
au vinasema ni gunia, lakini gunia lenye ladha.
Nakubali. Aliyewahi kula wali
uliolala kwenye gunia la dagaa habishani na nadharia hiyo.
Ila sijaona ukurasa unaomtaja mgeuza kaseti.
Dakika ishirini na tatu, *ka*,
kisha sekunde kumi za kiza masikioni,
vidole vinatafuta kitufe kwa kupapasa,
na humo ndimo walimoingia wote ambao hawakulipa kiingilio:
jenereta, vyura wa mtaroni,
kikohozi cha mlinzi wa mashine,
honi ya meli ikiondoka kwenda Bukoba.
Naye mpanda farasi, huko kwake jangwani,
aligeuza kichwa.
Alikuwa ameisikia meli yetu.

Mwaka jana, hapa hapa Nyegezi, chumba cha kompyuta,
niliipata filamu ile ikiwa nzima, na sauti yake ya kuzaliwa.
Upepo. Kwato. Mtu anaongea kwa pua.
Niliona kama wamembandikia.
Dakika ya ishirini na tatu
kidole changu kilinyooka chenyewe,
kikabonyeza meza.

Msimamizi anasema zimebaki dakika tano.
Sijafafanua dhana, sijataja mwananadharia hata wa kusingizia,
na Misoji hana mwaka wa kuchapishwa.
Niwekee sifuri ukitaka.
Lakini kabla hujaiweka, nisome mara mbili:
mara ya kwanza redio ikiwa imezimwa,
mara ya pili dirisha lako likiwa wazi
upande wa ziwani.